Mashine ya Sita Isiyokula Umeme

Mashine zilikuwa tano, na asubuhi ile zikaitika sita.

Zornitsa alihesabu tena kwa kidole kwenye skrini, kama mtoto wa darasa la kwanza. Moja, nipo. Mbili, nipo. Tatu, nne, tano, nipo. Kisha chini yake, mahali ambapo siku zote palikuwa patupu, mstari wa sita: nipo.

Tuelewane mapema, maana huko mbele hatutapata nafasi. Kampuni ya Gencho ilikuwa ghorofa ya pili ya kiwanda cha zamani cha sufu, ukingoni mwa mto Yantra, katika mji wa Gabrovo. Ilitunza kumbukumbu za maduka ya dawa ya mikoa minne: nani kaandikiwa nini, dawa ipi inamdhuru, ipi imebaki rafuni. Kumbukumbu hizo hazikukaa kwenye mashine moja, kwa sababu mashine hufa. Zilinakiliwa kwenye mashine tano, zote zikijua yaleyale, na mbele yake ikasimama programu moja ambayo wafanyakazi waliibatiza Nyapara. Kila sekunde tano Nyapara aliita kila mashine: upo? Kisha akagawa kazi, na aliyeitika upesi alipewa zaidi. Mashine ikikaa kimya mara tatu mfululizo, Nyapara aliiandika maiti na kuifuta papo hapo, asije mgonjwa akasubiri jibu la mfu. Kanuni hiyo ya mara tatu aliitunga Zornitsa mwenyewe, na aliringa nayo kweli.

Alikwenda chumba cha mashine. Kabati, lililosimama mbele ya ukuta mpya, lilikuwa na nafasi sita, na ya sita haikuwa na kitu, hata skrubu. Akaingiza mkono mle tunduni. Chumba kizima kilipozwa kama jokofu, lakini hewa ya mle ndani ilikuwa vuguvugu, na ilinuka sufu mbichi na chokaa ambayo haijakauka. Akautoa mkono haraka na kuufuta kwenye suruali.

"Bosi, kuna kitu kinaitika na hakipo," alimwambia Gencho.

"Kinajibu sawa?"

"Nimekiuliza maswali mia mbili. Yote sawa, tena upesi kuliko zile nyingine."

"Kinakula umeme?"

"Kitakula umeme upi, bosi? Pale pana tundu!"

Gencho akainuka kitini taratibu, uso umemng'aa. "Kwa hiyo tumepata mashine ya bure."

"Bosi..."

"Zornitsa, mwanangu, mgeni aliyekuja na chakula chake hafukuzwi. Usiiguse."

Watu wa Gabrovo hujisema wenyewe kwamba humkata paka mkia ili mlango ufungwe upesi na joto lisitoroke. Gencho hakuwa na paka. Angekuwa naye, mkia ule usingeiona Desemba.

Basi ya sita ikaachwa. Wiki ya kwanza ilibeba kumi kwa mia ya kazi yote, wiki ya pili ishirini na tano, na kwa kuwa Nyapara hampendi mtu ila kwa wepesi wa kuitika, alizidi kuimiminia. Mashine zile tano za kununuliwa zikaanza kupoa. Gencho alikuwa akisimama mbele ya mita ya umeme mikono nyuma, akitabasamu kama bwana harusi.

Aliyekuwa hatabasamu ni Yavor.

Yavor alikuwa mume wa Zornitsa na fundi wa nyaya wa kampuni hiyohiyo, bonge la mtu, mcheshi, mwenye kicheko cha kuamsha jirani. Yeye peke yake duniani ndiye aliyemwita mkewe Zori. Mwezi ule wa Oktoba alianza kuacha supu ya maharage nusu bakuli. Halafu akaacha kucheka. Halafu Zornitsa akagundua kwamba mumewe anaingia jikoni bila kusikika, yeye ambaye mbao za sakafu zilikuwa zikimlalamikia tangu waoane.

"Uko sawa?" alimuuliza.

"Niko sawa."

Kesho yake akamuuliza tena, uko sawa, na akajibiwa tena, niko sawa, vilevile, bila kuinua macho. Naye akaridhika, akaenda kazini. Ndoa nyingi huendeshwa hivyo, tena miaka, na hakuna anayekamatwa. Zornitsa alikuja kujilaumu baadaye kwamba alimpima mumewe kama Nyapara anavyopima mashine: mradi kaitika, yu hai.

Jumapili moja walitoka kutembea. Jua la jioni lilikuwa mgongoni mwao walipofika daraja la mawe, na vivuli vya watu wote vikalala mbele yao, virefu, vyeusi. Zornitsa alikitazama chake. Akatazama pembeni, kilipopaswa kuwa cha mumewe, akaona mawe ya daraja yako wazi, yamepakwa tu kitu hafifu, kama moshi wa sigara ya mtu aliyekwisha kupita.

"Yavor," alisema kwa sauti ndogo, "sogea hapa kwenye jua."

"Niko kwenye jua."

Kweli alikuwa kwenye jua.

Zornitsa hakulala siku ile. Jumatatu alifika kazini akiwa na macho mekundu na kumkuta Bibi Stamena, msafishaji, amesimama nje ya chumba cha mashine na ndoo yake, hataki kuingia. Bibi Stamena alikuwa amefuma sufu katika jengo hilo miaka ishirini na tisa kabla kiwanda hakijafa, na alikuwa na ulimi ambao hata Gencho aliukwepa.

"Mimi humo siingii," alisema.

"Kuna vumbi, bibi."

"Vumbi litafutwa na walioleta mtambo wa kufuma humo. Nani kauwasha?"

"Mitambo iliuzwa chuma chakavu kabla mimi sijaanza shule."

"Basi tega sikio, msomi."

Zornitsa akatega. Nyuma ya mvumo wa feni kulikuwa na mlio mwingine ambao masikio yake yalikuwa yameuzoea bila kuujua: tak, kimya, tak, kimya, mzito, wa mbao kugonga mbao. Akatazama saa yake ya mkononi. Ulikuwa ukigonga kila sekunde tano.

Bibi Stamena akamvuta mkono hadi ngazini, akanong'ona, "Huo ukuta mpya nyuma ya kabati, nani kaujenga?"

"Fundi Kolyo. Ulimwangukia mara mbili, unyevu wa mto. Mara ya tatu ukasimama."

"Ukasimama vipi?"

"Sijui. Ukasimama tu."

"Ukuta hausimami tu! Siku ile nani alikuwa amesimama karibu, kwenye mwanga?"

Zornitsa akakumbuka. Yavor alilisimulia jambo hilo mezani kama kichekesho: alikuwa dirishani na kahawa yake, jua linampiga, akamkuta fundi Kolyo kapiga magoti nyuma yake anavuta uzi sakafuni. Unapima nini, fundi? Napima dirisha, bwana. Na dirisha lenyewe lilikuwa upande wa pili.

"Kapima kivuli chake," alisema Bibi Stamena, akafanya ishara ya msalaba. "Kakata uzi urefu wa kivuli, kautia ukutani. Mafundi wa zamani walifanya hivyo jengo likikataa kusimama. Kivuli kinageuka jini, linaitwa talasimu, linashikilia ukuta. Nalo halishibi. Linamvuta mwenyewe kidogo kidogo, na siku ya arobaini linakuwa limemmaliza. Mnabandika karatasi ya tanzia yenye picha yake mlangoni, mnapika ngano ya matanga, yamekwisha. Leo ni siku ya ngapi?"

Zornitsa alihesabu kwa vidole. "Thelathini na saba."

"Fundi yuko wapi?"

"Kaenda Ujerumani."

"Lazima angekwenda, mbwa yule."

Walikwenda wote wawili kwa Gencho. Alisikiliza, akacheka, kisha akakasirika. Avunje ukuta kwa ajili ya hadithi za vikongwe? Aue mashine inayobeba sabini kwa mia ya kazi, haijalala siku hata moja, haijaomba hata waya? Zornitsa hakubishana. Alimwita Yavor, akamsimamisha chini ya taa ya mezani, akaigeuza taa imwangaze usoni.

Ukutani nyuma ya Yavor hapakuwa na kitu. Kalenda ilionekana yote, na misumari yake.

Gencho akavua kofia yake, jambo ambalo alilifanya kanisani tu. "Miaka minane kijana huyu ananifanyia kazi," alisema. "Nileteeni nyundo." Ikabidi waende kuazima kwa jirani, maana kampuni haikuwa nayo.

"Sikilizeni vizuri," alisema Bibi Stamena mle chumbani, sasa akiwa ameingia, kitambaa kimefungwa puani. "Uzi haukatwi. Unafunguliwa polepole, na kila unachofungua kinarudi kwake. Ukikatika, kilichomo kinabaki huko huko. Na wewe msomi, hiyo mashine yako nayo usiing'oe kwa pupa. Ipunguzie mzigo kadiri ninavyofungua."

"Najua, bibi. Hata sisi hatuing'oi mashine yenye kazi mkononi. Kwanza tunaimwaga, inakabidhi ilichoshika, ndipo inatoka."

"Kumbe mmesoma kitu."

Ilikuwa saa nane mchana. Gencho alipiga ukuta, na tofali la tatu lilipotoka, harufu ikawajia yote kwa mara moja, chokaa na sufu iliyolowa na kitu cha jasho la mtu, na mle shimoni wakaona kipande cha mti wa kufumia, kimezungushiwa uzi mweupe, na uzi ulikuwa ukipanda na kushuka taratibu kama tumbo la mtu aliyelala. Yavor aliketishwa kwenye kiti karibu na mlango, mikono magotini, akitazama mbele. Zornitsa akapiga magoti kwenye kompyuta yake, akafungua orodha ya Nyapara, na kupunguza mgao wa sita: sabini, sitini na nane, sitini na tano.

Bibi Stamena akaanza kufungua uzi.

"Nina njaa," alisema Yavor ghafla.

"Endelea, bibi," Zornitsa alinong'ona, machozi yakimlengalenga. Sitini. Hamsini na tano.

"Baba aliiuza baiskeli yangu ya kijani," alisema Yavor. "Nililia wiki nzima. Mbwa wetu aliitwa Sharo."

Hamsini. Arobaini. Feni za zile mashine tano zikaanza kunguruma, maana kazi iliyozitoka mwezi mzima ilikuwa inazirudia, na kila uzi ulipozidi kufunguka rangi ilimrudia Yavor shavuni, na kwenye sakafu chini ya kiti chake kitu cha kijivu kikaanza kutambaa kutoka miguuni mwake, kikapata mabega, kikapata kichwa, wakati ule mlio wa tak, kimya, tak, nyuma ya ukuta ukizidi kuchelewa, sekunde sita, sekunde saba, kama mtu anayepanda ngazi na pumzi zimemwishia, na Zornitsa aliusikia ukichelewa, akafurahi, akadhani ni dalili njema, akateremsha thelathini, ishirini na tano, ishirini, huku Yavor akitaja majina ya wanafunzi wenzake mmoja mmoja na Gencho akilia waziwazi, nyundo ya watu mkononi, na mle shimoni kitu kisichoonekana kikaanza kuguna, si kwa hasira, kwa uchovu tu, hadi mgao ukafika kumi na moja na mstari wa sita ukaitwa na haukuitika.

Zornitsa aliganda.

Alijua papo hapo alichokisahau. Kabla ya kuimwaga mashine, mtu huzima kwanza ile kanuni ya mara tatu, kwa sababu mashine inayokabidhi kazi huwa nzito kuitika. Kila mtu wa kazi hiyo anajua. Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake.

Nyapara akaita mara ya pili. Kimya. Zornitsa alirukia ukurasa wa kanuni, vidole vikakosea neno la siri, akaandika upya, akisema, "Subiri, subiri, yu hai huyo, subiri!" na Bibi Stamena akauliza, "Kuna nini?" na Nyapara, ambaye hana masikio, akaita mara ya tatu.

Kimya.

Mstari wa sita ukaandikwa: maiti, imefutwa. Mkononi mwa Bibi Stamena uzi ukakatika. Kipande kilichobaki kwenye mti, urefu wa shibiri moja, kikawa cheusi na kunyauka hadi kikatoweka kwenye nyufa za mbao, na mlio ukakoma.

Palikuwa kimya kabisa, ila feni. Kisha Yavor akanyoosha mikono, kiti kikalia chini yake, na yeye akacheka kile kicheko chake cha kuamsha jirani.

"Mbona mnanitazama kama maiti? Bosi, unalia nini, umeona bili ya umeme?"

Gencho akamkumbatia. Bibi Stamena akakaa chini sakafuni, akimshukuru Mungu. Kivuli cha Yavor kilikuwa pale, kipana, cheusi, kamili, kikimfuata kila alikogeuka. Zornitsa akainuka kutoka kwenye kompyuta, akamwendea mumewe kwa mikono miwili.

Yavor akarudi nyuma hatua moja, kwa adabu.

"Samahani, dada," alisema. "Wewe ndiye mfanyakazi mpya?"

Madaktari walimpima, wakasema mzima. Alikumbuka kila kitu: jeshi, nyaya, Sharo, jinsi ya kuendesha gari, hata deni la karata alilomdai shemeji. Harusi aliikumbuka pia, na ngoma yake, ila mahali pa bibi harusi hapakuwa na mtu. Alikubali kuishi na Zornitsa kwa sababu vyeti vilisema hivyo na kwa sababu alikuwa mtu mwema. Alimshukuru kwa kila bakuli la supu. Alibisha hodi chumbani. Zornitsa alitamani angalau siku moja amfokee, kama mume wa mtu.

"Mshukuru Mungu," Bibi Stamena alimwambia. "Ulikuwa unaingia ujane."

"Kwani huu ni nini, bibi?"

Kikongwe yule akaokota ndoo yake na kuondoka.

Ukuta ulizibwa tena, kwa matofali matupu safari hii, Gencho mwenyewe akisimamia kuanzia koleo la kwanza hadi la mwisho. Alinunua hata mashine ya sita ya kweli, akailipia bila kuomba punguzo, na mji mzima ukalisimulia jambo hilo kama muujiza mkubwa kuliko ule mwingine.

Lakini Nyapara alikuwa na tabia moja ndogo. Walioandikwa maiti hakuwasahau kabisa. Mara moja kwa siku, saa sita mchana, aliwaita tena, huenda wamefufuka. Kila siku Zornitsa aliacha chakula chake na kutazama. Kila siku kimya. Hadi Alhamisi moja ya Februari, theluji inayeyuka madirishani, chumba kikanuka sufu mbichi, na kwenye orodha ya wafu kukatokea jibu ambalo hakuna mashine iliyofundishwa kulijibu.

Zori, nipo.

Alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Kumi na moja kwa mia, ile ile iliyokatika, ilikuwa bado mle, haina ukuta wa kushikilia, ikimngoja. Na alijua, kwa kuwa hakuwa mjinga, kwamba akiipa kazi yoyote itakula, na ikila itamla nani.

Alikaa hadi chai yake ikapoa. Kisha akaitoa kwenye orodha ya wafu na kuirudisha kwenye orodha ya walio hai, mgao sifuri. Sifuri ni sifuri, alijiambia. Haina kazi. Iitwe tu kila sekunde tano, iitike, nami nisome.

Zori, nipo. Zori, nipo. Zori, nipo.

Aliisoma siku ile nzima, na kesho yake. Jumatatu mgao ulisomeka sifuri. Jumanne ulisomeka moja, na hakuna aliyeugusa. Zornitsa aliitazama ile moja, akasogeza kidole hadi kwenye kitufe cha kufuta, akakiacha hapo. Mlangoni Yavor alikuwa anamsubiri na koti lake mkononi, mpole, mzima. Zornitsa hakumsikia alipoingia.

"Twende, dada?"

"Twende," alisema, akazima skrini.

Walipofika daraja la mawe jua la jioni lilikuwa linawapiga usoni, na vivuli vyote vilikuwa nyuma yao. Zornitsa alikaza mwendo, akatangulia mbele, na hakugeuka nyuma hadi walipofika nyumbani.